Tofali Lenye Sura Mbaya

Ifahamike kwa wote, walio hai na watakaozaliwa, kwamba maendeleo yaliingia wilayani kwetu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, yakiwa ndani ya sanduku la mbao lililoandikwa USIGEUZE. Sanduku lilikuwa limegeuzwa.

Wanaume sita walilishusha kutoka kwenye lori mbele ya tawi la chuo kikuu, wakaligeuza tena, na humo ikatoka mashine ya chuma yenye kimo cha mtu mzima. Usoni ilikuwa na saa kama ya ukutani, ila mshale wake ni mmoja. Watu waliosimama kwenye uzio walikisia kuwa ni mashine ya kukamua mafuta. Mzee mmoja akasema hapana, ni ya kuchapia vyeti. Hawakuwa na kosa kukisia. Tawi lilikuwa na miaka miwili, na mpaka siku hiyo wilaya ilikuwa imefaidi kwalo uzio, mlinzi mkali, na vijana wanaouliza bei bila kununua. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona elimu ya juu ikishuka chini.

Historia hii inahusu nyumba moja tu, nami ninayeisimulia sina upande. Nyumba yenyewe ilikuwa bondeni, hatua mia mbili kutoka kwenye shimo la udongo. Baba wa nyumba alikuwa mchoma matofali, kama baba yake, na watu walimwita Mzee Tanuri. Mama alipiga tofali kwa kalibu haraka kuliko mwanamume yeyote bondeni, na alipenda wanaume hao wakumbushwe. Bibi, mzaa baba, alikuwa amestaafu kazi zote isipokuwa ile ya kuwasimamia wengine. Kaka, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alibeba na kupanga. Palikuwa pia na binti mdogo, aliyetoka shule ya bweni akisubiri matokeo ya mtihani, msichana mtulivu, msikivu, mwenye adabu isiyo kifani. Huyo hatutamtaja sana.

Enzi za babu matanuri ishirini na moja yalifuka moshi bondeni. Sasa yalibaki saba. Mtu akipata vijisenti vya kujenga, anataka bloku za saruji kutoka mjini, ili jirani aone lori likishusha. Kaka alikuwa ameshatundika begi lake msumarini, limejaa nguo. Chuo kilitaka kujenga mabweni manne, na alikuwa amesema mbele ya wote: "Kazi hiyo ikienda mjini, na mimi naenda mjini." Baba alijibu kwa maneno machache zaidi. Alisema tanuri likizimwa mwaka huu hataliwasha tena.

Ndiyo maana nyumba nzima ilisimama wima siku mgeni alipopiga hodi, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira vilivyojaa tope mpaka kwenye kamba.

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mhadhiri pale chuoni, Bibi. Daktari wa mambo ya ujenzi. Matofali hasa."

Bibi alimtazama kuanzia juu hadi chini, akaishia kwenye tope. "Daktari wa matofali. Yameanza kuugua lini?"

"Hilo ndilo nataka kujua. Mkandarasi wa mabweni anasema ya kwenu ni dhaifu, anataka kuleta bloku. Mimi nimesema hakuna aliyewahi kuyapima. Sasa mashine ipo." Akamgeukia Baba. "Mzee, niletee manane. Tunayakandamiza mpaka yavunjike. Mshale ukifika tano, kazi ni ya bonde zima, matanuri yote. Usipofika, sitakuwa na neno la kumwambia mkandarasi."

"Manane tu?" aliuliza Baba.

"Manane tu."

"Nitakuletea manane ambayo hujawahi kuona maishani mwako," alisema Baba, na kwa bahati mbaya alisema kweli.

Hapa inabidi nieleze jambo moja. Mchoma matofali yeyote wa bondeni anajua kwamba tanuri halichomi sawa. Matofali ya pembeni, mbali na moto, hutoka yamenyooka, laini, yenye rangi nzuri ya waridi. Yale ya mdomoni, yanayolambwa na moto siku tatu, hutoka meusi, yamepinda, yanang'aa kama yamemwagiwa lami. Ya kwanza huuzwa. Ya pili hubaki nyumbani kwa kazi ambazo wageni hawazioni. Haijawahi kumjia mtu yeyote kichwani kumpelekea mgeni wa heshima tofali la mdomoni. Ingekuwa sawa na kumkaribisha kwenye kiti kisicho na mguu.

Basi Baba na Kaka wakatumia mchana mzima wakichagua. Walilichukua tofali, wakalipiga kwa kidole, wakalishika juani, wakalirudisha, wakachukua jingine.

"Jamani," alisema Mama, "mnachagua tofali au mnachagua mkwe?"

Kaka alikuwa akilipangusa moja kwa shati lake la kanisani.

*

Chumba cha mashine kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, na Baba aliingia akiwa amevua viatu bila kuambiwa. Wanafunzi wanane walisimama na daftari. Mkandarasi alikuwepo pia, mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano, ambayo hakuivua ingawa juu yake palikuwa na dari tu.

Tofali la kwanza liliwekwa. Mhadhiri akazungusha gurudumu, mshale ukapanda polepole mpaka moja, mpaka mbili, ukasogea kidogo tena, na tofali likafumuka bila hata kutoa sauti ya maana. Lilifumuka kama sukari ya jiwe inapotiwa kwenye chai.

"Mbili na nusu," alisoma mwanafunzi mmoja.

La pili lilifika tatu. La tano lilivunjika wakati gurudumu bado linatafuta pa kushikia.

"Mzee," alisema mkandarasi, "haya si matofali. Haya ni biskuti. Pole sana, umetuletea biskuti bila chai."

Mwanafunzi mmoja alicheka, kisha akajikuta yuko peke yake, akaacha. Lilipomalizika la nane, sakafu nyeupe ilikuwa imejaa vumbi la waridi. Mkandarasi alitazama huku na huku, akaona ufagio umeegemea ukutani, akamwonyesha Baba kwa kidevu.

Baba aliuchukua. Alifagia pembe hadi pembe, bila haraka, kama mtu anayefagia kwake. Kaka alisimama mlangoni akitazama miguu ya baba yake isiyo na viatu ikiacha alama kwenye vumbi la matofali yake mwenyewe. Mhadhiri alitoka, akarudi na kizoleo cha taka, akapiga magoti sakafuni akakishikilia mbele ya ufagio. Wazoaji walikuwa wawili sasa, mmoja na shahada tatu.

"Mzee, utaratibu unaruhusu kupima mara mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Ijumaa ijayo. Lete mengine."

"Mengine yapi?" aliuliza Baba. "Yale ndiyo yalikuwa mazuri."

*

Siku ile hawakupika mapema. Bibi alitoka chumbani, akawakuta wote wamekaa kimya, akahesabu vichwa.

"Nani amekufa?"

"Tofali," alisema Mama.

"Basi lizikwe, watu wale."

Kaka alinyanyuka akalishusha begi kutoka msumarini. Hakuna aliyemzuia. Alifungua zipu, akafunga, akafungua.

"Kama unaondoka, ondoka," alisema Mama. "Kama unatuchezea zipu, nenda kaicheze nje."

"Mama, hukumwona alivyofagia."

"Simhitaji mtu wa kunieleza mume wangu anavyofagia. Hapa nyumbani hajawahi, kwa hiyo nakubali ni jambo kubwa." Akaifunga zipu mwenyewe. "Ijumaa ijayo utabeba sanduku pamoja naye. Jumamosi uende unakotaka."

Baba alikuwa amekwisha kuamua. Kosa lake, alisema, lilikuwa moja tu: hakuchagua vizuri. Kwa wiki nzima alizunguka kwenye matanuri mengine sita akiomba tofali moja moja, lililo bora kabisa, na wachoma matofali wote, kwa upendo na kwa kuwa kazi ilikuwa ya wote, walimpa yale yaliyonyooka zaidi, yenye waridi zaidi, yaliyokaa mbali zaidi na moto. Pamoja na mawili yake, yalipangwa manane ndani ya sanduku, yakafunikwa kwa gazeti, kifuniko kikapigwa misumari minne Alhamisi jioni.

Ni hapa ambapo historia inaingia giza. Kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi, mtu asiyejulikana aling'oa misumari minne, akatoa matofali manne mazuri, akaweka mahali pake manne ya mdomoni, meusi, mabaya, moja likiwa limepinda kama ulimi wa mtu anayekejeli. Kisha akapigilia misumari upya, kwa ustadi mkubwa. Watafiti wametoa maoni mbalimbali juu ya mtu huyo. Tuendelee.

*

Kaka ndiye aliyefungua sanduku mbele ya wote. Aliinua gazeti. Uso wake ulipita rangi tatu na kurudi kwenye ya kwanza.

Mkandarasi alichungulia. "Safari hii mmetuletea na makaa."

Kaka alimtazama Baba. Baba alitazama ndani ya sanduku. Angeweza kusema kwamba si yake, kwamba kuna mtu amemchezea, na wote wangeamini. Lakini mtu aliyekwisha kufagia chumba mbele ya watu hawezi kuanza kulalamika kwamba ameibiwa. Alikunja mikono ya shati.

"Pima," alisema.

Mazuri yalitangulia. Tatu. Tatu. Mbili na robo. Tatu na nusu. Mkandarasi alitazama simu yake, akaanza kumwandikia mtu. Mhadhiri alichukua tofali la kwanza jeusi, akalisawazisha juu na chini kwa lipu kidogo ili likae vizuri, wakasubiri likauke, akazungusha gurudumu.

Mshale ulipita mbili. Ukapita tatu. Ulipofika tano mwanafunzi mmoja alisogea mbele, akidhani hakuona sawa. Saba. Mhadhiri alibadili mkono. Tisa. Sasa hakuna aliyeandika. Kumi na moja, na mashine ikaanza kutoa mlio ambao hawakuwahi kuusikia, mlio wa kitu kinachofanya kazi kwa mara ya kwanza. Simu ya mkandarasi iliita mkononi, ikaachwa iite. Kwenye kumi na nne tofali lilipasuka kwa kishindo ambacho kilimfanya mlinzi wa getini aje mbio.

"Kumi na nne," alisema Mhadhiri, kana kwamba anamwuliza mtu.

La pili lilikwenda kumi na tatu. La tatu, lile lenye ulimi, kumi na tano. La nne liligoma kuvunjika mpaka wanafunzi wawili waliposaidia gurudumu.

"Mzee, haya umeyatoa wapi?"

"Mdomoni mwa tanuri," alisema Baba, kwa kuwa hilo alilijua.

"Na udongo?"

"Udongo ni huohuo. Shimo ni moja."

"Kwa nini hukuyaleta mara ya kwanza? Na kwa nini umeyaleta leo?"

Baba alikohoa. Wanafunzi wanane walishika kalamu. "Nilitaka mwone tofauti," alisema.

Wote waliandika. Hivyo ndivyo Mzee Tanuri alivyoingia katika daftari za sayansi, bila viatu, kwa uongo mmoja mdogo.

"Sawa, yana nguvu," alisema mkandarasi, na safari hii hakutania. "Lakini yamepinda. Nikijenga nayo, ukuta utatembea."

"Ni kweli," alisema Mhadhiri. Alikuwa ameshika vipande viwili, cha waridi na cheusi, akivigeuza. "Lakini sasa tunajua mgonjwa ni nani. Udongo ni mzima. Moto ndio haufiki."

*

Mkandarasi aliwapa wiki sita. Baba hakukaa kitako hata siku moja ya hizo. Chuo kilihamia bondeni. Wanafunzi walikuja na nyaya ndefu za kupimia joto, wakazipenyeza katikati ya tanuri, pembeni na juu, na Kaka akapewa kazi ya kusoma namba kila saa na kuziandika. Begi lake lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nguo zikatolewa, nyaya zikaingia. Siku ya pili alikuwa akimgombeza mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa kuandika vibaya.

Wanafunzi walichora kwenye karatasi namna mpya ya kupanga tanuri, yenye mianya mingi ya kupitishia moto. Walilipanga wenyewe. Lilianguka kabla ya chakula cha mchana.

"Mchoro ni mzuri," aliwaambia Mama. "Ungesimama kama matofali yangekuwa ya karatasi." Akapanda juu, akawaonyesha jinsi ya kufunga kona, na mianya yao ikabaki. Mhadhiri akaomba tanuri lote lipakwe udongo nje ili joto lisitoroke. Baba akapinga kwamba moto ukikaa ndani hivyo, matofali yote yatapinda kama yale ya mdomoni.

"Yale hayapindwi na moto," alisema Mama kutoka juu. "Yanapindwa na haraka. Mnayaweka mdomoni yakiwa na maji, kwa kuwa mdomo ndio unaopangwa mwisho. Yakaushwe siku nane, muwashe moto mdogo kwanza. Miaka kumi na minane nasema."

"Umesema," alikiri Baba. "Lakini hakuna aliyepima."

"Tupime basi," alisema Mhadhiri, na akampa Mama daftari lake mwenyewe.

Walipima. Tanuri moja dogo lilichomwa kwa haraka, moja kwa maneno ya Mama. La haraka lilitoa vilema. La Mama lilitoa matofali yaliyonyooka, mekundu yaliyoiva, kutoka mdomoni hadi pembeni, na ukiyagonga yanalia kama kengele. Baba aligonga moja, akasikiliza, akagonga la pili. Kisha alikwenda akakaa nyuma ya rundo la kuni muda mrefu, na kila aliyepita upande ule alijifanya ana shughuli upande mwingine.

Siku ya kupima mara ya tatu, mashine ilitolewa nje, uwanjani, kwa kuwa chumba kisingewatosha watu. Wachoma matofali wote walikuja, hata wale waliokwisha kuzima, na wake zao, na watoto juu ya uzio. Kaka ndiye aliyesoma namba kwa sauti. Nane. Tisa. Nane na nusu. Tisa. Lilipofika la kumi watu walikuwa wakiimba namba kabla hajazisema, na mlinzi mkali alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

Mkandarasi alivuka uwanja, akavua kofia yake ya njano. Kumbe alikuwa na upara mzuri.

"Mzee, matofali laki mbili. Utaanza kunipa lini?"

"Mimi peke yangu siwezi," alisema Baba. "Tupo ishirini na mmoja." Akageuka, akawatazama wenzake. "Kuanzia leo tupo tena ishirini na mmoja. Panga foleni, bwana mkubwa."

*

Hapo ndipo historia hii ilipaswa kuisha, na ningeweka kalamu chini kwa heshima. Lakini Mkuu wa Tawi, mtu mrefu wa hotuba ndefu, alisimama akasema kwamba chuo kikuu hakiji kuleta akili, kinakuja kuipima iliyopo. Watu walilipenda neno hilo. Kisha akaharibu.

"Ningependa Mzee wetu awaeleze wanafunzi," alisema, "ni hekima gani iliyomfanya, siku ile, aweke yale manne meusi ndani ya sanduku."

Baba alisimama. Alikohoa kama alivyokohoa siku ile. Wanafunzi walishika kalamu. Na kutoka kwenye kiti cha mbele, kiti cha wageni wa heshima, sauti ya Bibi ikatoka bila yeye kunyanyuka.

"Mwulizeni mjukuu wangu. Ndiye anayejua kwa nini choo changu kina dirisha."

Mkuu wa Tawi aliketi.

"Wiki sita sasa," aliendelea Bibi. "Nikiingia namwona jirani, jirani ananiona, tunasalimiana. Matofali manne, ukuta wa nyuma. Palizibwa kwa gunia, mtoto mwenye adabu. Nilinyamaza kwa kuwa mwanangu alikuwa anasifiwa, na hilo halitokei mara nyingi."

Watu wote waligeuka kumtafuta yule binti mtulivu, msikivu, mwenye adabu isiyo kifani, aliyekuwa amejificha nyuma ya mashine akiandika mambo haya katika daftari.

Basi nakiri. Ni mimi. Nililala kwenye godoro la mlangoni, nikasikia kila kitu kilichosemwa katika nyumba ile, na pale ambapo sikusikia, nilimhonga Kaka anieleze. Misumari niliing'oa kwa mpini wa kijiko. Na hekima haikuwepo, Mkuu. Kaka alikuwa amelipangusa tofali kwa shati la kanisani, nikatamani kuona sura yake akifungua sanduku. Hayo tu. Ningejua kwamba Baba angegeukiwa na macho yote, nisingefanya. Nilikuwa dirishani siku ile, nikamwona anakunja mikono ya shati, na nilitaka ardhi inimeze.

Nilisema hivyo mbele ya wilaya nzima. Mwanafunzi mmoja alifuta kitu katika daftari lake.

"Mimi nilijua aliyebadili matofali si malaika," alisema Baba. "Malaika hawapigilii misumari kwa kupinda." Kisha akawageukia wanafunzi. "Andikeni: mzee naye alidanganya."

Adhabu yangu ilitolewa palepale na Bibi, na kushangiliwa. Nimeziba dirisha lile kwa mikono yangu, matofali manne ya daraja la kwanza, tisa kwenye mshale, yaliyopimwa na chuo kikuu. Ukuta umenyooka, hauna hata ufa wa kupitisha sindano. Bibi anasema sasa hakuna hewa.